Mdomo Wangu na Swala wa Chuo

Mimi nina kipaji kimoja tu, na shuleni wamekiandika kwenye ripoti kana kwamba ni ugonjwa: naiga sauti za watu. Nikiwa darasa la pili nilikohoa kama mzee wa kanisa anavyokohoa kabla ya sadaka, na watu wa benchi mbili nzima wakaanza kupekua mifuko. Nikiwa darasa la sita nilijificha nyuma ya choo, nikaagiza chai kwa sauti ya baba yangu, mama akaileta mpaka chini ya mpera ambapo baba anapenda kukaa, nikainywa yote. Mama alicheka kwanza, halafu akanichapa, halafu akacheka tena. Sasa niko kidato cha tatu na bado naiga kila mtu: mwalimu mkuu, padre, yule mtangazaji wa redio anayesoma matangazo ya vifo kama anasoma bei ya sukari. Baba tu ndiye nimemwacha. Sauti yake niliitumia mara ya mwisho nikiwa darasa la nane, juu ya tangi la maji la chuo, na mpaka leo sijui niirudishe wapi.

Chuo chenyewe ni cha kilimo, kando ya ziwa, ukitoka Katito kuelekea Kendu Bay halafu ukaiacha lami. Jina silitaji kwa sababu bado wana mbwa. Baba alikuwa kibarua hapo kwa miaka tisa. Ukisema haraka, "kibarua wa miaka tisa," inasikika kama cheo. Alifyeka nyasi, alirekebisha ua wa waya, alizibua vyoo vya watu wenye digrii. Tulikaa chumba kimoja mwisho wa nyumba za wafanyakazi, chumba kilichokuwa cha jenereta zamani, na kuta zake zilinuka dizeli hata siku ya Krismasi. Chumba hakikuwa chetu. Kibarua hana nyumba, anavumiliwa tu. Kitu kimoja baba alichokitaka duniani ni kuandikwa: barua yenye muhuri, jina lake kwenye orodha ya ukutani, kazi ya kudumu. Mama, aliyeuza mandazi getini, aliwaambia wanafunzi kila muhula, "Mwaka huu watamwandika baba watoto." Wanafunzi wakajibu, "Amina, mama." Wakamaliza masomo wakaenda, wakaja wengine na amina yao.

Swala waliingia katika maisha yetu kwa njia ya kijinga. Chuo kilipozungushiwa waya, miaka mingi kabla sijazaliwa, swala pala wachache walikuwa wamelala ndani karibu na mafunjo, na hakuna aliyejisumbua kuwatoa. Chui hakuna, mbwa wa nje hawaingii, na kuwinda serikali ilikwisha piga marufuku. Wakazaana. Mwaka ule ninaousema, gugu maji lilipoanza kufunika ufuko wetu kama godoro, nyasi za chuo zilikuwa zimeisha kabisa. Swala walikula maua ya ofisi. Walikula sukuma wiki ya mpishi. Wanafunzi walipanda mtama wa mtihani, swala wakaufanya mtihani kwanza. Wenyewe walikuwa wamekonda mbavu nje, wana minyoo, na majike bado wanazaa tu.

Prinsipali akamwita afisa wa wanyama kutoka mjini. Afisa alizunguka siku nzima na buti zake, akaandika karatasi ya ruhusa. Wapunguzwe kumi na wawili, madume tu, wazee na wagonjwa. Jike asiguswe. Bunduki hapana, kwa sababu zahanati na nyumba za watu zimegusana na ua. Na jambo la mwisho alilipigia mstari mara mbili: kundi lisishtuliwe. Swala akishtuka porini hukimbia mpaka achoke. Akishtuka ndani ya waya, huukimbilia waya.

"Basi ni upinde," afisa akasema. "Mna mtu?"

Walikuwa naye, na walijua wanaye, kwa sababu walikuwa wamemcheka miaka tisa.

Huku kwetu uwandani watu waliwinda kwa mkuki na mbwa. Upinde waliuona kama silaha ya mtu anayeogopa kukaribia. Lakini bibi yangu, mama yake baba, alitoka upande wa pili wa ule mlima unaouona juu ya Nyakach, kwa watu wenye lugha yao. Babu alipofariki mapema, baba akapelekwa kulelewa huko na wajomba. Alirudi kijana mkubwa, Kiluo chake kimepinda na upinde uko begani. Wakamwita *wuod nyar got*, mtoto wa binti wa mlimani. Walimaanisha tusi. Yeye akalichukua akalifanya sifa yake, kwa sababu kwetu mwanaume akitaka kujisifu hujitaja kwa mama yake, na baba alimpenda sana mama yake.

Na sifa ina kazi yake mawindoni. Mshale wako au mkuki wako ukimgusa mnyama kabla ya wengine, unaita sifa yako hapo hapo, mara moja, kwa pumzi yote uliyo nayo. Hiyo ndiyo hati ya kumiliki. Hata watu kumi wakija kummalizia, mnyama ni wako, kwa sababu ulisikika. Asiyeita hana mnyama. Baba alisema wajomba wake mlimani walifanya hivyo hivyo. Ni jambo moja ambalo pande zake zote mbili ziliwahi kukubaliana nalo.

Sasa unaona shida ilipo.

"Hakuna kelele," prinsipali alimwambia ofisini. Nilikuwa mlangoni nimeshika kofia ya baba. "Hata kukohoa. Ukimaliza hao kumi na wawili bila fujo, mimi mwenyewe napeleka jina lako. Mtu wa kwanza kuandikwa mwaka huu ni wewe."

"Ndiyo, bwana."

"Nataka kusikia kimya."

Jioni hiyo nilimwiga akisema hivyo, kidevu juu, mikono nyuma: "Nataka kusikia kimya." Baba alicheka mpaka akarudisha tonge la ugali kwenye sahani.

Kazi alianza kwa kutofanya kitu. Wiki mbili alikaa akiwatazama swala asubuhi na jioni, na mimi nikitoka shule nilikaa naye. Alikuwa anachagua. Yule anachechemea, yule meno yameisha anatafuna majani na kuyatema, yule anaharisha. Mimi niliwapa vyeo ili tusiwachanganye. Diwani alikuwa na tumbo kubwa na hakufanya lolote. Karani alikuwa na jicho moja. Dume mzee mwenye pembe iliyovunjika, aliyefukuza kila mtu kwenye kivuli ingawa miguu yake ilitetemeka, huyo hakuhitaji kufikiriwa: Prinsipali. Baba alinikataza. Siku ya tatu nikamsikia akijisemea polepole, "Leo Prinsipali hajanywa maji."

Tulikwenda Kisumu Jumamosi moja kutengeneza ncha za mishale. Fundi wa kufua vyuma karibu na soko la Kibuye alizifua kutoka kwa misumari ya inchi sita, akaziponda ziwe bapa, akazinoa pande mbili. Baba alijaribu kila moja kwenye kucha ya kidole gumba. Ikiteleza, anairudisha.

"Mzee, unaenda vita gani?" fundi akauliza.

"Vya chuo kikuu cha mbuzi," nikajibu mimi.

"Mtoto wako huyu mdomo wake unahitaji kofuli."

"Nimetafuta," baba akasema. "Hawatengenezi saizi hiyo."

Sumu hakutaka, kwa sababu nyama ingeliwa. Bila sumu, alinieleza, mshale lazima uingie nyuma ya bega, chini kidogo, dume akiwa amegeuka kidogo kama anataka kuondoka. Ukipiga tumbo amekufa kesho, kwa maumivu. Kwa hiyo hapigi zaidi ya hatua thelathini. Nilijaribu kuuvuta ule upinde mimi mwenyewe. Uzi ulikuja mpaka hapa, bado mbali na kifua, mikono ikatetemeka kama ya mlevi, na baba akautoa mikononi mwangu taratibu kabla sijaumiza mtu.

Mahali pa kupigia palikuwa chini ya tangi la maji. Tangi lilivuja, na nyasi za chini yake ndizo pekee zilizobaki kijani chuoni kote, kwa hiyo swala walikuja kila jioni kama watu wa kwaya. Baba alijenga kificho cha mafunjo kwenye mguu mmoja wa tangi. Mimi nililala kwa tumbo juu, karibu na kifuniko, kwa sababu kutoka juu unaona kilicho nyuma ya dume, na yeye aliyeko chini haoni. Mshale unaweza kumpenya mnyama ukatokea upande wa pili. Tulifunga uzi wa katani kutoka kidole changu mpaka mkono wake wa kushoto. Nikivuta mara moja: piga, nyuma ni wazi. Nikivuta mara mbili: acha, kuna jike. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ameambiwa anyamaze, nilikuwa nimepata kazi ya kunyamaza yenye maana.

Diwani ndiye aliyeanza. Nilivuta mara moja. Nilisikia uzi wa upinde ukisema kidogo tu, kama mtu anayefunga kitabu. Diwani aliruka, akatembea hatua kama kumi na tano, akasimama kama amesahau kitu nyumbani, akalala. Wengine waliinua vichwa. Wakatazamana. Wakaendelea kula.

Nikachungulia chini. Baba alikuwa amesimama ndani ya mafunjo na mdomo wazi, kifua kimejaa pumzi, shingo imevimba. Niliona ile sauti ikipanda mpaka kooni. Halafu akafunga mdomo akaimeza. Naapa niliona kikoromeo chake kikishuka nayo.

Kesho yake asubuhi mpishi wa chuo alimsubiri kisimani. Huyu mpishi, kibarua kama baba, alikuwa na ulimi mrefu kuliko mwiko wake.

"Omera, ndugu yangu, nasikia uliua jana. Yaani, sikusikia."

Baba akateka maji.

"Mtu anapiga mnyama kimya kimya, huyo si mwindaji. Huyo ni mwizi wa kuku. Sasa yule swala ni wa nani?"

"Wa chuo."

"Chuo ndicho kilivuta upinde?"

Baba akabeba ndoo akaondoka. Mimi nilibaki nyuma nikamwambia mpishi kwamba angalau swala wa baba hufa kabla ya kuliwa, si kama nyama yake ya Jumatano. Alinirushia kikombe.

Lakini mpishi alisema kweli, na hilo ndilo lililouma. Hakuna aliyesikia, basi hakuna aliyejua. Mapaja yalikwenda nyumba ya prinsipali, mgongo kwa walimu, mbavu kwa karani. Kila mara sisi tuliletewa kichwa na kwato kwenye karai, na mama aliondoa manyoya. Mara ya sita au ya saba akasema: "Kama ungeita, baba watoto, wangeona aibu kukuletea kwato."

"Wataniandika," baba akasema. "Barua haina kwato."

Wiki tatu zikapita hivyo. Karani wa jicho moja alikufa vizuri, yule mharishaji pia, na madume wawili waliokuwa na vidonda shingoni. Jioni nyingi nilivuta mara mbili na tukarudi mikono mitupu. Hakuna jike aliyeguswa, hakuna swala aliyekimbilia waya. Mara moja baba alikaa saa nzima na upinde nusu umevutwa, nikaogopa amekufa akiwa amesimama. Kumi na mmoja wakawa wamekwisha, akabaki mmoja ambaye hajaja, Prinsipali mwenye pembe moja. Huyo baba alimweka wa mwisho makusudi. Alisema mzee apewe muda.

Siku ya mwisho ilipangwa kama harusi. Afisa alikuja na gari kutoka Kisumu kushuhudia kazi inavyofungwa. Viti vilipangwa nyuma ya ua wa maua, mbali na tangi, na mpishi akatumwa na soda. Sisi tulikwisha jificha mapema, baba chini, mimi juu, uzi mkononi. Kabla ya kwenda kwenye viti, wageni walipita chini yetu wakasimama kivulini: prinsipali, afisa, na mwalimu wa mifugo, mtu wa miwani ambaye sikuwahi kumwona karibu na tangi hata siku moja. Hawakujua niko juu. Baba walijua yuko kwenye mafunjo, hatua tano kutoka walipo, na bado waliongea.

"Kazi safi sana," afisa akasema. "Nitaandika kwenye ripoti yangu. Nani hasa amepiga hawa wote?"

"Idara yetu ya mifugo," prinsipali akajibu. "Tuliunda kikosi kidogo. Mwalimu huyu ndiye kiongozi."

Mwalimu alivua miwani akaifuta.

"Na yule mzee mwenye upinde?"

"Ah, yule anatusaidia kubeba."

Wakaondoka kwenda kwenye soda zao. Nilichungulia chini. Baba hakuinua kichwa. Alikuwa anapapasa manyoya ya mshale, anayalaza upande mmoja, anayalaza tena.

Prinsipali wa pembe moja alikuja jua likiwa limeshuka juu ya ziwa, nyuma ya majike. Alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Majike walimzunguka, wengi wao matumbo makubwa, wamekaribia kuzaa. Nilivuta mara mbili. Nikavuta mara mbili tena. Kisha majike wakasogea kwenye nyasi zenye maji, akabaki peke yake, amegeuka kidogo kama anataka kuondoka.

Nikavuta mara moja.

Ulikuwa mshale mzuri kuliko yote. Hata hakuruka. Alipiga magoti ya mbele, kisha ya nyuma, akaweka kidevu chini. Kundi halikuinua hata kichwa. Kule kwenye viti hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu nadhani hawakutambua kwamba imetokea. Nikachungulia. Baba alikuwa na mdomo wazi, kifua kimejaa, kwa mara ya kumi na mbili. Akaufunga.

Nimejiuliza kama ilikuwa mzaha. Nusu yake ilikuwa mzaha, siwezi kudanganya; nilifikiria sura ya prinsipali soda ikimpanda puani. Nusu nyingine ilikuwa kwamba kazi imekwisha, kumi na wawili wamefika, na yule wa miwani anakwenda kuandikwa kwenye ripoti mahali pa baba yangu. Hasira na kicheko vilikuja pamoja, na kwangu mimi vyote viwili hutokea mlango mmoja. Nilikusanya mikono mdomoni nikaita sifa yake, kwa sauti ya baba, ile nzito inayotoka tumboni:

"*An wuod nyar got!*"

Ikatoka vizuri mno. Ikanikolea, nikairudia.

"*An wuod nyar got!*"

Kundi zima liliinuka kama shuka iliyopigwa na upepo. Swala wakishtuka huruka juu, na nakumbuka kwa sekunde moja niliona ni jambo zuri, migongo ile myekundu hewani. Halafu wakaenda upande wa ziwa. Waya ulilia. Sijui niseme vipi sauti ile. Ulilia kama kengele ya shule inayopigwa na mtu aliyerukwa na akili, kutoka pembe moja hadi nyingine. Waliokuwa mbele walinasa, waliokuja nyuma wakawapanda. Majike walikuwa wazito, hawakuweza kuruka.

Prinsipali alifika mbio na chupa bado mkononi. Afisa nyuma yake.

"Nani amepiga kelele? Nani?"

Baba alikuwa ametoka kwenye mafunjo, upinde mkono mmoja. Hakutazama juu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado na uzi. Mdomo wangu ulikwisha funguka, na ndani yake nilikuwa na maneno, naamini nilikuwa nayo. Nikasikia uzi ukivutwa kwenye kidole changu. Mara mbili.

"Ni mimi, bwana," baba akasema. "Imenitoka."

"Imekutoka!" Prinsipali alitupa chupa chini. "Miaka tisa nakulisha hapa, na siku ya wageni imekutoka!"

"Hawa watu ukiwaondolea kelele hawajui kufanya kazi," afisa akasema, hata si kwa ubaya, kama mtu anayeeleza mvua.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilinyamaza kwa sababu nilivutwa mara mbili. Si kweli. Hata angenivuta mara moja ningenyamaza. Nililala kwa tumbo juu ya tangi, mimi mwenye mdomo usio na kofuli, nikatazama baba akichukua kisu na kwenda kwenye waya. Alikwenda kwa kila mmoja aliyevunjika. Aliwawekea mkono juu ya macho kwanza. Sikuhesabu. Majike aliowapasua walikuwa na watoto ndani waliokwisha kuota manyoya, na aliwalaza kando kwenye nyasi, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwalimu wa mifugo akageuka akatapika, miwani ikamwanguka.

Jioni hiyo hatukuletewa hata kwato. Tuliletewa karatasi ya kuhama chumba.

Mama alikuwa anafunga sufuria kwenye leso wakati baba amekwenda kutafuta mkokoteni. Alisema bila kunitazama: "Nimemsikia nikiwa getini. Baba yako hajawahi kuita mara mbili maishani mwake. Mtu huita mara moja."

Nikangoja anichape. Alinipa sufuria nishike.

Mwezi uliofuata orodha ilibandikwa ukutani. Mwalimu wa miwani alipandishwa cheo kwa ajili ya kazi ya swala. Kibarua mmoja aliandikwa, naye ni mpishi. Kupunguza swala kulifutwa kabisa, kwa sababu afisa alisema njia ya upinde imejaribiwa ikashindwa. Waliobaki wakazaana tena, na kiangazi kilichofuata, nasikia, walikufa njaa nyuma ya zahanati wakitafuna magunia.

Baba alipata kazi Ahero, kwenye mashamba ya mpunga. Anafukuza ndege. Ni kazi ya watoto; majirani zake wa pande zote ni vijana wadogo kuliko mimi, wenye kombeo na kamasi. Anakaa kwenye kibanda cha miti katikati ya shamba la mtu, amezungushiwa kamba zilizofungwa makopo, anavuta hii, anavuta ile, na analipwa apige kelele kutoka alfajiri mpaka jua kuzama. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu ningeitunga mimi mwenyewe.

Likizo ya Desemba hii nilikwenda kumsaidia. Mpunga ulikuwa umekomaa na ndege walikuwa wanashuka kama vumbi. Kijana wa shamba la pili akapaza sauti: "Mzee! Leo umenyamaza, ndege wote wanahamia kwako!"

"Sauti imekauka," baba akamjibu. "Ngoja, nimeleta fundi."

Akanipa kamba nikashika. Nikapiga kelele ya mpishi. Nikapiga ya padre. Nikasimama, kidevu juu, mikono nyuma: "Nataka kusikia kimya!" Ndege waliruka, vijana wakaanguka kwa kicheko kwenye matuta. Baba hakucheka. Alikuwa ananitazama jinsi alivyokuwa akimtazama dume kabla ya kuchagua.

"Zote hizo unazo," akasema. "Na yangu?"

Nikamwambia nimeisahau.

"Niitie sifa yangu. Mara moja tu. Hapa hakuna waya."

Nikafungua mdomo. Pumzi iliingia, kifua kikajaa, shingo ikavimba, nikajua ilivyokuwa kule ndani ya mafunjo, mara kumi na mbili. Halafu nikaufunga. Yeye alingoja, uso umegeukia mlimani, kwa muda mrefu kuliko ndege walivyoweza kuvumilia. Wakarudi, kundi zima, wakainamisha mpunga. Mbali kwenye tuta la mfereji, mwenye shamba alikuwa anakuja na baiskeli yake.

Baba akachukua kamba kutoka mkononi mwangu, akaanza kutikisa makopo.